Pointi za Nyama kwa Harusi ya Ludwika

Ilikuwa mwaka 1944, katikati ya majira ya baridi, wiki mbili kabla ya Kwaresima. Wifi yangu Ludwika alikuwa aolewe na Zygmunt, mwanajeshi aliyepewa likizo fupi, na kwa kuwa padri wetu hakufungisha ndoa ndani ya Kwaresima, harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Mama mkwe wangu, Genowefa Pietrzak, alibaki na siku chache tu za kutafuta nyama ya wageni sitini.

Pesa haikuwa shida. Baba mkwe wangu, Walenty, alikuwa kiwandani, na mimi pia nilikuwa kiwandani, kile kilichokuwa kikiunda magari na sasa kinaunda vipuri vya vifaru. Mume wangu alikuwa baharini na jeshi la wanamaji, na sehemu ya mshahara wake ililetwa nyumbani kila mwezi. Katika maisha yote ya Genowefa nchini Marekani, nyumba yake haikupata kuwa na dola nyingi namna ile na vitu vichache namna ile vya kununua. Kila kipande cha nyama katika duka la Bwana Ksawery Dudek kilikuwa na bei mbili: bei ya senti, iliyobandikwa ukutani na isiyoruhusiwa kupanda, na bei ya pointi, iliyolipwa kwa stempu za kitabu cha mgao. Kila mtu alipewa kitabu chake na serikali, maana vita vilikuwa vimeleta uhaba. Pointi zetu sote wa nyumba ile zilitosha nyama ya wiki yetu wenyewe, nayo ya kujibana.

Hapo ndipo Genowefa alipoikumbuka desturi ya kijijini kwao, ng'ambo. Binti akiolewa, mama yake hupita nyumba kwa nyumba na kikapu. Huyu humpa mayai, yule unga, mwingine siagi, na mama huyo huja kuvirudisha siku watoto wao watakapoolewa. Basi naye alichukua kikapu, akavaa koti la kanisani, akapita nyumba kumi na moja za mtaa wetu. Mimi nilikuwa zamu kiwandani, lakini Ludwika alifuatana naye, na mazungumzo ya jikoni kwa Apolonia Skiba alinisimulia mara nyingi.

"Apolonia, mwenzangu, nimekuja na kikapu."

"Kikapu nimekiona tangu kiko kwa jirani. Unataka mayai?"

"Mayai ninayo. Nataka nyama."

"Nyama! Nikukatie paja langu?"

"Paja lako halitoshi meza moja. Nikatie stempu."

Apolonia alicheka hadi akashika meza. Alikuwa mjane, mwenye ulimi mkali kuliko wanawake wote wa mtaa, na aliishi na mwanawe Kazimierz, ambaye alimimina chuma cha moto zamu ya usiku na aliyekosa raha akikosa nyama. Hata hivyo alikwenda kabatini, akatoa vitabu vyote viwili na mkasi wa kushonea, akakata stempu zote za nyama zilizokuwa zimeruhusiwa kutumika na ambazo muda wake haujaisha.

"Kazimierz atanila mimi," alisema. "Utazirudisha lini?"

"Kabla ya Pasaka, tukijaliwa."

"Nimekusikia. Na binti yako huyu amenisikia nikikusikia."

Nyumba zote kumi na moja zilifanya hivyo hivyo. Nyuma ya kila kitabu palikuwa na onyo lililochapwa kwa Kiingereza, lakini wanawake wale walisoma vitabu vyao vya sala kwa Kipolandi, na Kiingereza chao kilikuwa cha kusikia, si cha kusoma. Walijua kwamba Bwana Ksawery huzikata stempu mwenyewe kwa mkasi wake, mbele ya mnunuzi. Walidhani anafanya hivyo kwa sababu ya uchoyo wake, akichelea wasimpunje.

Siku iliyofuata nilifuatana na mama mkwe dukani ili nimsaidie kubeba. Palikuwa na foleni hadi mlangoni. Zamu yetu ilipofika, Genowefa aliagiza mapaja matatu ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi na ratili ishirini za soseji, kisha akafungua leso na kuzimwaga stempu juu ya meza ya duka.

Bwana Ksawery hakuzigusa. "Bi Genowefa, hizi zimekatwa."

"Zimekatwa vizuri. Angalia, hakuna hata moja iliyochanika."

"Zimekatwa nyumbani."

"Ulitaka tukazikatie kanisani?"

Watu wa foleni walicheka, yeye hakucheka. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba stempu ikitoka kitabuni bila muuzaji kuona haifai kitu tena. Mjini kulikuwa na watu waliochapa stempu za bandia, na duka la nyama la mtaa wa pili lilikuwa limefungiwa mwezi mzima kwa kupokea stempu zisizo na vitabu.

"Unanijua miaka ishirini, Ksawery."

"Mimi nakujua. Mkaguzi hakujui."

"Basi nitavileta vitabu vyote hapa, uvione vilipokatwa."

"Hata ukivileta. Nikiulizwa nilimwona nani akikata, niseme nini?"

"Sema kweli. Sema zimeletwa na Genowefa."

"Na hiyo kweli ndiyo itakayonifungia duka, mama. Nisamehe. Anayefuata!"

Genowefa aliziokota stempu moja moja, akazirudisha katika leso, akaifunga. Tulipofika ngazi za nyumba alisimama, akaniambia, "Kama ingekuwa nyama yangu nimeipoteza, ningelia nikanyamaza. Hii ni nyama ya watoto wa watu."

Jioni ile Walenty alirudi kutoka baa na habari njema, kama alivyoziita. Kulikuwa na mtu mwenye lori aliyeuza nyama ya nguruwe bila stempu, kwa bei maradufu.

"Pesa tunayo," alisema. "Harusi inalishwa, majirani wanakula, nani atalalamika?"

"Zygmunt anarudi jeshini wiki ijayo," mkewe akamjibu, "na wewe unataka ale nyama ya mwizi siku ya ndoa yake?"

"Mwizi gani? Anauza, hajaniibia."

"Basi nenda kaile kwake, Walenty, na kitanda ukakitafute huko huko."

Harusi ikalishwa kuku, kwa sababu kuku hakuwa na pointi. Tulichemsha supu ya kuku na tambi, tukaweka samaki wa chumvi, tukapika pierogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, hadi mikono ikauma. Mpiga kodiani wa ukumbi wa harusi alikuwa ameshachukuliwa na jeshi, kwa hiyo mwenye baa alituazima mashine yake ya sahani za santuri. Vijana wakacheza ngoma zao mpya za kurushana, wazee wakaketi ukutani wakisema huko si kucheza bali ni kupigana. Soksi za nailoni hazikuwapo kwa bei yoyote, nailoni yote ilikuwa imegeuzwa miamvuli ya kurukia ya wanajeshi wa angani. Kabla ya kwenda kanisani nilimpaka Ludwika miguu rangi ya kahawia iliyouzwa kwenye chupa, na nyuma nikamchorea mstari kama mshono wa soksi kwa kalamu ya nyusi. Kufikia saa tatu usiku rangi ile ilikuwa imehamia suruali ya Zygmunt.

Mama yake Zygmunt, Bi Eleonora, aliyetoka mji wa Toledo kwa treni, alikagua meza kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kumbe kwenu huku harusi ni ya kuku?"

"Mwaka huu, ndiyo," alijibu Genowefa.

"Nyama ilikuja, bibi!" Apolonia akapaza sauti kutoka meza ya pili. "Ila ilikatwa vipande vidogo mno, ikaisha kwenye leso."

Ukumbi wote ulicheka. Genowefa aliendelea kupakua supu, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Wiki iliyofuata alipita tena nyumba zote kumi na moja, safari hii bila kikapu, akasema kila mlangoni kwamba deni analitambua na atalilipa. Wengi walimwambia asahau. Hakusahau. Stempu hazikuweza kupelekwa kwa mtu mkononi, hilo tulikuwa tumekwisha kulijua, kwa hiyo alibuni njia yake: kila Jumamosi alivaa koti la kanisani, akachukua vitabu vyetu, akamchukua na jirani mmoja, wakaenda pamoja kwa Bwana Ksawery. Jirani alichagua nyama, Genowefa akatoa kitabu, na mkasi wa muuzaji ukakata mbele ya macho ya wote watatu. Sisi tulikula mayai na kabichi chachu. Kwaresima ilitusaidia, kwani angalau siku za mfungo hatukujiona tofauti na watu wengine.

Kisha serikali ikaleta chenji ya pointi, visahani vyekundu vidogo kama vifungo vya shati, ambavyo mtu aliweza kumpa mwenziwe bila kuuliza mtu. Malipo yakaenda kasi. Hata mafuta yaliyobaki kikaangoni yakaingia katika kazi hiyo. Mimi na wasichana wenzangu tulizoea kuyapeleka sinema, ambako Jumamosi mchana kopo la mafuta lilikuwa tiketi. Mafuta yale yalikwenda kutengeneza baruti, nasi tulikwenda kutazama picha. Genowefa alilichukua kopo langu kutoka mezani.

"Sinema utalipa senti zako. Bwana Ksawery anatoa pointi kwa mafuta."

"Mafuta yatoke wapi," aliuliza Walenty, "na nyama yenyewe hatuli?"

"Wewe paka mkate wako mafuta kidogo, tutaona yatakapotoka."

Pasaka ilipofika, nyumba kumi zilikuwa zimelipwa. Katika kikapu chetu cha chakula cha kubarikiwa kanisani mlikuwa na mayai, chumvi, mkate, na kipande cha soseji kisichozidi kidole. Aliyebaki ni Apolonia, ambaye ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote. Kila Genowefa alipomwendea, alikuwa na udhuru: leo magoti, kesho Kazimierz amelala asiamshwe. Sikuweza kujua kama ilikuwa huruma au ujeuri. Kwa Apolonia vyote viwili vilivaa koti moja.

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, tukiwa tumekaa kusikiliza mchezo wa kila siku wa redio, mtangazaji aliukatiza akasema kwamba nyama ya nguruwe itauzwa tena bila pointi. Walenty alipiga makofi.

"Umesikia, mama? Deni la Apolonia limefutwa na serikali."

"Sikukopa kwa serikali."

"Lakini pointi zenyewe hazina kazi tena!"

"Siagi bado ina pointi," alisema Genowefa, akaniomba ninyamazishe redio ili ahesabu.

Siagi ilikuwa na pointi nyingi kuliko kitu chochote dukani. Kwa wiki kadhaa tulikula mkate na mafuta ya nguruwe, na Walenty akautazama kila mara kama mtu aliyeonewa. Jumamosi moja mwezi wa Juni Genowefa alinunua siagi yote iliyolingana na deni, akaifunga kwa karatasi, akaniambia nifuatane naye. Apolonia alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Nini hicho?"

"Siagi."

"Mimi sikukupa siagi. Nilikupa nyama."

"Ulinipa pointi. Nyama ungeinunua wewe. Leo pointi ziko kwenye siagi."

"Na nyinyi mnapaka nini?"

"Hayo ni ya mezani kwetu."

"Na nikisema siitaki?"

"Nitaiweka kizingitini, paka wako aile, na nitakuwa nimemlipa paka."

Apolonia aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaifungua karatasi na kuinusa.

"Ina chumvi. Mimi hupenda isiyo na chumvi."

"Ungeniambia mwezi wa Februari."

Apolonia aliifunga tena karatasi, akaitia siagi katika kabati la barafu, akaufunga mlango wake kwa goti.

"Sasa?" aliuliza Genowefa, akiwa bado amesimama.

"Sasa sikudai tena," alisema Apolonia. "Keti."