Sinia Kabla ya Maili Tatu

Tulikuwa chini ya mti wa mkungu pembeni mwa kiwanja cha Jang'ombe, Kificho na mimi, tukimalizia ndizi zetu, alipotokea mtu tusiyemjua. Alivaa suti ya khaki iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Nyuma yake wapishi wawili walibeba sinia lililofunikwa kawa.

"Shikamoo," tulimwamkia.

"Marahaba. Mie Msabah, mwenyekiti mpya wa kamati ya michezo. Zitupeni hizo ndizi. Ndizi chakula cha popo. Leo mtakula biriani."

"Nshakula, mzee," alisema Kificho.

"Kula ndizi si kula."

Asubuhi ile Kificho alikuwa ameshinda mbio za maili moja. Alasiri tulikuwa na maili tatu, yeye na mimi, na mshindi ndiye angekwenda kukimbia Dar es Salaam, mwenyekiti akiridhia jina lake. Kificho alikuwa mchukuzi wa bandarini. Alikuwa amewapakilia watu mizigo melini miaka yote, mwenyewe hajavuka bahari hata siku moja.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na shahada yangu, nikiamini kwamba nchi changa itajengwa kwa ukweli. Nilikuwa nimemweleza Kificho: baina ya mbio mbili ni ndizi mbivu, kipande cha mkate, chai nyepesi ya sukari, basi. Nyama na samli hukaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mzee," nilisema, "biriani ni nzito kwa mtu mwenye mbio alasiri hii."

"Umesomea biriani wewe?"

"Nimesomea ualimu, lakini..."

"Basi kafundishe. Samli ndiyo petroli ya mkimbiaji. Gari lako unalitia ndizi?"

Sikuwa na gari. Lake lilisimama juani, dereva akiokwa ndani yake.

Kawa likaondolewa. Mwaka ule watu wa Jang'ombe walishika foleni ya mchele tangu alfajiri, na hapa palikuwa na mlima wa mchele, wa njano kwa zafarani, unang'aa mafuta. Sikumwuliza aliupata wapi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi.

Bwana Msabah alipokwenda kunawa, Kificho alininong'oneza, "Nikikataa, jina langu atalifuta. Nikila, ntatapika njiani. Sinia ni moja, Bakar. Nlie wewe upande wangu."

"Na mie nnakimbia, Kificho."

"Ushawahi kunishinda?"

Sikuwahi.

"Na usiseme," akaongeza. "Hata wakikucheka."

"Nakuahidi."

Sisi tunafunzwa tangu utotoni: kwenye sinia, kila mtu na mbele yake. Mkono unaovuka kwenda kwa mwenzio ni aibu kubwa kuliko mkono ambao haukunawa. Bwana Msabah alichambua nyama akaisogeza mbele ya Kificho, na mkono wangu ukavuka. Kificho alichovya vidole kwenye mchele, akavipeleka mdomoni vitupu, akatafuna hewa kwa adabu.

"Lo! Mroho huyu!" alimaka Bwana Msabah. "Mwache mwenzio ale! Huko chuoni ndivyo walivyokulea?"

Wapishi wakacheka. Nikavuka tena.

Maili ya kwanza haijaisha, biriani ilianza safari ya kurudi. Nilipiga magoti karibu na bendera, na watu wakashangilia kuliko walivyomshangilia yeyote siku ile.

"Mroho! Mpakulieni tena!" walianza wapishi, wengine wakaitikia.

Kificho alinipita mwepesi, hakugeuka. Alishinda. Mimi nilifika wakati wanakunja kamba.

Bwana Msabah alikuwa juu ya meza, mkono begani kwa Kificho. "Mmeona?" alipaza sauti. "Huyu kala biriani yangu! Jina lake linakwenda Dar es Salaam. Na kuanzia leo, mkimbiaji wa kamati hii hakimbii bila biriani!"

Makofi yakapigwa. Nikawafikiria wote watakaokimbia na samli tumboni kwa amri ya bwana huyu na suti yake ya pasi. Ukweli ulinifika mdomoni, pamoja na zafarani.

"Na wewe mroho," aliniita, "umepata somo?"

Watu wakageuka kunitazama. Kificho naye alinitazama, medali shingoni.

"Naam, mzee," nilisema. "Biriani ile ina nguvu."