Kiatu Juu ya Meza

Babu yangu Telesphory alitoka kusini, Kalya, na alikuwa mchoraji wa rangi za maji. Picha yake iliyobaki kwetu Kibirizi, kando ya ziwa, ni moja tu: meza yenye samaki aina ya migebuka, malimau, bilauri, na kiatu kimoja cha mtoto katikati ya chakula. Sehemu yote ya chini ni bluu, imepakwa kwa hasira mpaka karatasi imechubuka.

Wageni wakiuliza ni nani anayeweka kiatu mezani, nilikuwa nawajibu kwamba wasanii wote wana kichaa kidogo, huyu wetu alizidisha tu. Ile bluu nilidhani ni jamvi.

Ziwa lilipoanza kupanda, majirani walihamia Rusimbi. Waliniambia mdharau mwiba mguu huota tende. Niliwajibu wakanyage miiba yao huko huko. Nyumba nimeijenga kwa kuanika na kuuza dagaa, halafu niikimbie kwa sababu ya maji? Yatashuka, nikasema. Mama yangu, Eufrasia, hakubishana nami. Alikuwa akisimama tu mbele ya picha, kila asubuhi, na mimi iliniudhi.

Siku maji yalipoingia ndani hayakupiga kelele. Nilikuwa napandisha unga na sufuria juu ya meza Mama aliponishika mkono.

"Scola, acha. Tazama mguu wa meza."

Meza ni ileile ya Babu, miguu yake imechongwa pete. Maji yalikuwa yanaikaribia pete. Nikatazama picha. Bluu yake ilikuwa imeishia kwenye pete hiyo hiyo.

"Hilo si jamvi, mwanangu. Ni ziwa. Mwaka sitini na nne liliingia hivi hivi, polepole. Baba alikuwa mbishi kama wewe. Akapandisha vitu mezani, akasema litashuka."

"Na kiatu?"

"Cha mdogo wangu, Rozalia. Tulikiokota mlangoni kinaelea. Mwenyewe hatukumpata. Baba alikaa kitandani akakichora kabla hakijakauka."

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Alikataza jina lake lisitajwe. Nikadhani picha inatosha."

Nikamwita Wema, binti yangu. Alikuwa anacheza kibarazani. Hakuitika. Nikaita tena.

Mlangoni ndala yake moja ilikuwa inaelea, inagonga kizingiti.

Nilitoka mbio huku nimeshikilia ukuta. Wema alikuwa amefika kwenye mpapai, maji kifuani, mkono kaunyoosha mbele.

"Mama, nyingine inakwenda! Naifuata!"

Nilimdaka kwa gauni. Nilimpiga, nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Nikarudi naye mgongoni kumchukua Mama tuondoke.

Mama alikuwa amesimama sebuleni. Alikuwa ameiokota ile ndala, ameifuta kwa kanga yake, na sasa anaiweka mezani, kati ya unga na sufuria.

Nilimnyang'anya nikaitupa nje, ziwani.