Kilio Kwanza

Nsimire alipokikodi kituo cha zamani cha meli pale Cyangugu, kilichokaa tupu miaka na miaka, kila aliyemjua alimwambia amerukwa na akili. Akatia pamba masikioni. Dirisha la tiketi akaligeuza dirisha la jikoni, na chumba cha kungojea abiria akakifanya ukumbi wa sherehe, salle kama wenyeji wanavyouita. Jumamosi ukumbi ungefunguliwa kwa harusi ya binti wa Bashige, yule tajiri ambaye akipiga chafya, nusu ya mji wa Kamembe inamwambia pole.

Mwanzoni mwa wiki hiyo Nyiramahoro akafariki. Bibi huyu aliuza chai mlangoni mwa kituo tangu enzi za meli. Nsimire alipovuka mpaka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, msichana asiye na mtu, alilala kwenye benchi za humo, na ni bibi huyo aliyemfunika kitenge chake na kumlisha mpaka akapata kazi. Chumba alichokuwa amepanga marehemu kisingetosha hata majirani. Basi Nsimire akatangaza: watu wakutane ukumbini Jumamosi asubuhi kuondoa kilio, wamkumbuke, wanywe, ndipo warudi kwenye shughuli zao. Harusi ingefuata alasiri.

Mumewe, Parfait, akashika kichwa. Bashige akaja mwenyewe, viatu vinang'aa.

"Maman Nsimire, unafungua salle na kilio? Batoto yangu baingie nyuma ya msiba? Ni mkosi! Fanya ivyo, na mi nitaambia batu bote: ndoa haitaingia tena humu."

Uwezo huo alikuwa nao, na Nsimire alijua. Aliogopa kweli. Lakini hasira ilimzidi woga.

"Papa Bashige, hapa bamama balilia batoto yao benye kusafiri. Bibi na bwana baliagana hapa na machozi. Kama kilio ni mkosi, hii nyumba iko nayo mbele uzaliwe. Enda."

Akaenda, akahamishia harusi kwenye bustani ya rafiki yake, chini ya hema. Kuanzia hapo Parfait akawa anazungumza na sufuria tu.

Jumamosi wakaja wachukuzi wa bandarini, wanawake wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ndugu wa marehemu kutoka Giheke. Walisimulia ukali wa ulimi wa bibi, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Alasiri ikawakuta bado humo, na katikati ya hayo mvua ikashuka, mvua ya Rusizi isiyojua adabu. Mchukuzi mmoja mzee alikuwa katikati ya kisa chake magari yenye maua yaliposimama nje. Bashige akaja mlangoni ameloa mpaka soksi.

"Maman, pole. Hema imeanguka. Tupatie salle, sasa ivi."

Parfait akamvuta mkewe nguo kwa nyuma. Nsimire akauondoa mkono wa mumewe.

"Salle mutapata. Lakini bibi bado hatuyamaliza kumuaga. Muingie, mukae, munywe chai."

"Na bibi-arusi?"

"Ye pia."

Bashige akabaki kizingitini. Nyuma yake bibi-arusi, Gracia, alikuwa ameshachoka kunyeshewa. Akakusanya gauni lake mikononi, akampita baba yake, na wachukuzi wawili wakasogea ili akae kati yao. Mtu akamwekea kikombe.

"Papa," akasema, "weye utabaki kwa mvua?"

Nsimire hakungoja jibu la Bashige. Akamgeukia yule mchukuzi mzee aliyekatizwa kisa chake.

"Endelea, mzee. Ulisema bibi alikufanya nini?"