Hapana ya Nne

Harufu ndiyo iliyompokea Malachy Tierney, hata kabla ya mlango wa kiwanda kufunguliwa: shayiri iliyopikwa, mbao kongwe, na chini yake ile nyingine, tamu, aliyokuwa akiikimbia kwa miaka. Alilibana koti lake kama mtu aliyeshikwa na baridi, ingawa jua la Juni lilikuwa limeuwakia mto.

"Vipi, mkwe? Mbona umekauka hivyo?" Dinny Heffernan alimpiga kofi la mgongoni. "Ngoja tukuloweshe."

Dinny, babake bwana harusi, ndiye aliyewaleta kuzungushwa kiwandani na kuonja wiski, kabla ya harusi ya Jumamosi. Alikuwa mtu mkunjufu, wa kicheko kikubwa, na hakujua lolote. Gráinne, binti wa Malachy na bibi harusi mwenyewe, aliwaficha wakwe zake kwamba siku ya kipaimara chake baba yake aliokotwa mtaroni. Asubuhi ile, garini, alikuwa amesema, "Ukionja, Baba, nitaingia kanisani peke yangu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na usiwaambie."

Asinywe, na asiseme. Malachy aliwafuata wenzake wakiipita mitungi mikubwa ya shaba ya kupikia wiski.

Ghalani mapipa yalilala gizani, safu juu ya safu. Noreen, mama aliyekuwa akiwaongoza, alisimama katikati akafungua mikono. "Vuteni pumzi, jamani. Kila pipa hupoteza kiasi hewani mwaka hadi mwaka. Hilo tunaliita fungu la malaika. Vuteni tu, hata Dinny hajalilipia hili!"

Watu wakacheka, wakavuta. Malachy aliibana pumzi. Hakuwa amewahi kuiogopa hewa maishani mwake, lakini siku ile aliiogopa, tena sana. Alijikaza, akajikaza, kisha kifua kikamshinda. Ile pumzi ilipoingia, kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kikafumbua jicho moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Si mapipa aliyoyaogopa, bali yule Malachy wa zamani, ambaye kumbe hakuwa amehama.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ndefu. Gráinne aliketi upande wa pili. Dinny akamsogezea Malachy glasi ya wiski.

"Hapana, Dinny. Asante," alisema Malachy.

"Aa, acha hizo!"

"Hapana, kweli."

"Tone tu, bwana, la kulowesha ulimi. Kwa ajili ya watoto!"

"Hapana, we kunywa tu."

Dinny alicheka, akamtia glasi ile mkononi. Angefanyaje zaidi? Kwao, hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, ya tatu ni kumpa mwenyeji nafasi ya kusisitiza. Baada ya hapo mtu hupokea, na nyoyo zote zikatulia. Malachy mwenyewe alilelewa hivyo. Hata chai ya dada yake huikataa mara tatu kabla ya kuinywa. Hapana ya nne hakuwahi kuisikia kinywani mwa mtu.

Wote wakasimama kuwatakia heri maharusi. Glasi ilipanda, na Malachy hakujua ni nani aliyeipandisha. Mate yalimjaa. Aliogopa kwa sababu mkono haukuwa ukitetemeka hata kidogo, mkono ulifurahi. Gráinne aliushika ukingo wa meza mpaka vidole vikawa vyeupe. Hakumtazama baba yake. Aliitazama glasi.

"Hapana," akasema Malachy.

Tabasamu la Dinny likabaki usoni bila kazi. "Mkwe, usitutilie nuksi harusi."

"Nikinywa hii, Dinny, Jumamosi mtanitafuta mtaroni. Mimi ni mlevi. Gráinne aliona haya kuwaambieni, na alikuwa na haki."

Amri moja ya bintiye alikuwa ameishika, ya pili ameivunja, na hakujua ipi ingehesabiwa. Dinny aliipokea ile glasi kama aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu, akazunguka nayo asijue pa kuiweka. Mwishowe aliitua mbali, kando ya Noreen, na yake akaitua pale pale.

Noreen akakohoa. "Nikuletee chai, basi?"

"Hapana, hapana, usijisumbue," mdomo wa Malachy ukajibu wenyewe.

Noreen alimtazama Dinny. Dinny, mtu wa kusisitiza maisha yake yote, aliinamisha kichwa, asithubutu kumshurutisha tena.

Gráinne akainua uso. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Hiyo ni ya adabu tu," alisema. "Mletee. Huwa anatia sukari mbili."

Chai ilipofika, mikono ya Malachy ilikuwa imeanza kutetemeka, kikombe kikawa kinagongagonga kisahani, na kila mtu akasikia. Gráinne alizunguka meza, akaketi karibu yake, akakishika kisahani.