Malalamiko ya Mke wa Mwenyekiti

Maharage ya Evarista yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua maji yalipokatika. Mwenye kulima anajua: haragwe likiwa dogo huvumilia kiu, na likikomaa haliombi tena maji, lakini ukilinyima wakati wa maua, limekususia. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, bibi huyo aliteremka bondeni kwenye kinyungu chake, yaani ile bustani ndogo ya kiangazi ambayo kila mama wa Luvangala alikuwa nayo kando ya mfereji. Alishika jani, akaliachia, nalo likaanguka kama sikio la mbuzi mgonjwa.

Si kwamba maji yalikauka. Yaligeuzwa. Huko juu mtu aliuziba mfereji kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, akayapeleka maji yote kwenye shamba moja la kabichi, na kabichi zenyewe zilinona kama watoto wa mpishi wa misheni. Mwenye kabichi ni Crispin, Mwenyekiti wa Kijiji. Malori ya barabara kuu yalikuwa yanazisubiri pale Ipogolo.

Evarista alimwendea nyumbani, akaambiwa aje kesho. Akaja kesho. Crispin akamwambia kwa upole wa mtu aliyeshiba, "Bibi, sasa tuna kijiji, mambo hayaendi kienyeji. Ukiwa na neno, lilete kwenye mkutano wa hadhara."

"Vema," akasema Evarista. "Nitalileta."

Lakini mkutano ulipokaribia, mabalozi wa nyumba kumi wakapita mlango kwa mlango na habari nyingine. Anakuja mgeni kutoka wilayani, Ndugu Andendekisye, Mnyakyusa wa huko Tukuyu, mtu wa kuuliza uliza. Maswali ya wananchi yamekwisha gawanywa. Kila aliyechaguliwa anajua atashukuru nini. Wengine kazi yao makofi. Na mtu asithubutu kumtaja kiongozi kwa ubaya, maana barabara ya kijiji bado inahitaji wachimbaji.

"Basi, imekwisha hiyo," akasema Juliana, jirani yake, wakipukuchua mahindi uani. "Si ulimwona Silvester? Aliuliza tu sukari ya duka la kijiji inapitia mlango gani. Mpaka leo mgongo haujanyooka kwa kuchimba vyoo vya shule."

"Mimi simtaji kiongozi."

"Utasemaje sasa, dada?"

"Nitamtaja mume wangu."

Juliana akaacha kupukuchua. Mume wa Evarista alikuwa amezikwa siku nyingi. Halafu akaelewa, akavuta kanga akajifunika mdomo. "Wewe mwanamke, utatufungisha."

"Anifunge nani? Si alinichumbia mwenyewe?"

Ukweli ni kwamba Crispin alikuwa mjukuu wa dada yake Evarista, kwa hiyo ni mjukuu wake yeye pia, na kwao bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa utani. Bibi atamdai sabuni, atamtukana mbele ya wageni, ataulizia kitoweo, naye mjukuu hana ruhusa ya kukunja uso. Anayekasirikia utani anatozwa kuku. Crispin alipokuwa mtoto wa kutembea bila suruali alimletea Evarista kiazi kimoja cha kuchoma, akasema hiyo ni mahari, na yule mzee aliyeko ndani afukuzwe. Siku anaoa, Evarista alilala mlangoni kwa bwana arusi akagoma kuondoka, mpaka bibi arusi akamhonga kitenge ndipo akapisha.

Siku ya mkutano watu walijaa kiwanja cha shule. Mgeni aliketi mezani, Crispin pembeni yake amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Wenye maswali wakaanza. Ilikwenda vizuri mpaka ikafika zamu ya mzee Ambrosi, aliyepangiwa kushukuru kwa madawati. Masikini, kusimama mbele za watu kulimchanganya, akashukuru kwa trekta.

"Trekta?" mgeni akauliza. "Liko wapi hilo trekta, baba?"

Ambrosi akamtazama Crispin, Crispin akatazama mawingu.

"Bado halijaja, Ndugu," akajibu mzee. "Tumeona tushukuru mapema."

Mgeni akainamisha kichwa kuficha meno. Hapo Evarista akanyoosha mkono.

"Muda umetutupa mkono," akasema Crispin haraka.

"Nina muda," akasema mgeni. "Sema, mama."

Evarista akasimama polepole, akafunga kanga upya kiunoni. "Kamwene, Ndugu mgeni. Mimi sina neno na serikali. Na kiongozi simtaji, tumekatazwa. Nina neno na mume wangu."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikatambaa mpaka kwa wazee.

"Nani amewakataza kumtaja kiongozi?"

"Mume wangu huyo huyo. Amekaa kushoto kwako."

Crispin akainuka nusu. "Bibi, kaa chini. Hapa si mahali pa mchezo."

"Amekasirika," akasema Evarista, akiwageukia wazee. "Mmemsikia wenyewe?"

"Kuku," akasema mzee mmoja. "Kuku," wakaitikia nyuma, na neno likazunguka kiwanja kizima. Crispin akaketi. Mgeni akafuta macho kwa leso.

"Na kwetu Rungwe bibi ana haki zake," akasema. "Endelea, mama. Mume amekukosea nini?"

"Kanioa hajui kujifuta kamasi, nikamvumilia. Sasa amekuwa mkubwa, ameleta mke mdogo. Simkatai, mwanamume ni mwanamume. Anaitwa Kabichi. Mnene huyo, mweupe moyoni, amevaa nguo juu ya nguo. Lakini maji ya nyumba nzima anapelekewa yeye. Mimi na wake wenzangu wa bondeni anatunyima hata ya kunawa. Maharage yetu yanatoa maua huku yanakufa. Nilikwenda kwake kulalamika, akaniambia nilete neno mkutanoni. Mke mtii nimelileta."

Mgeni hakucheka tena, ila sauti yake bado ilikuwa ya mshenga. "Bwana, unajibuje?"

Na Crispin, tuseme haki, hakuwa mjinga. Alijua akikunja uso amekwisha. Akajikaza akatabasamu. "Ndugu, huyu mke wangu amezeeka. Nilidhani wazee hawanywi maji mengi."

Watu wakampigia makofi ya kweli, ya kwanza siku hiyo. Evarista naye akapiga.

"Amejibu kiume," akasema. "Basi twende wote tukamwone huyo mke wake mdogo. Macho hayana utani."

Mgeni akachukua kofia yake. Nani angebaki? Kiwanja kizima kiliteremka bondeni, wazee kwa fimbo, wanawake na watoto mgongoni, Crispin katikati kama bwana arusi asiyetaka kwenda. Juu walikuta kabichi zimesimama kwenye tope. Chini, vinyungu vya akina mama vilikuwa na nyufa za kuingiza kidole.

Mgeni akaangalia yale mabonge ya udongo. "Maji haya yatakwenda kwa zamu," akasema, "juu na chini, na zamu watazipanga hawa mama. Leo ni ya chini. Mwenyekiti, tuoneshe mfano."

Jembe likapitishwa mkono kwa mkono mpaka likamfikia. Crispin akatazama viatu vyake, akaingia navyo.

Evarista hakubaki kumtazama. Aliwaacha watu wakihesabu mapigo ya jembe, akateremka peke yake mpaka kwenye kinyungu chake, akaketi ukingoni. Maharage ya mstari wa juu alijua hayatapona. Ya katikati labda. Ya chini, penye kivuli cha migomba, bado yalikuwa na uhai kwenye shina. Akakwangua udongo kwa kidole, akatengeneza njia.

Maji hayana haraka kwenye mfereji mkavu. Yananywewa kwanza na ardhi. Yalipofika yalikuwa meusi, yamebeba majani na povu. Akayazuia kwa wayo wake yasipite yote kwenye kinyungu cha Juliana, akayaelekeza kwenye mstari wa chini, na alipoona udongo umeanza kubadilika rangi, akaondoa mguu.