Milimita Kumi za Janat

Mnara wa kengele wa kanisa la Ekerenyo ulijengwa na marehemu mume wa nyanya Kemuma, na kanisa lilikuwa karibu kubomolewa. Picha za simu zilikuwapo, lakini ukiielekeza simu juu, mnara ulionekana unaanguka nyuma. "Mume wangu hakujenga mlevi," Kemuma alisema, akamwita Janat, mpiga picha wa Kisii mjini.

Siku moja kabla ya kanisa kubomolewa, Janat alileta kamera kubwa ya mbao na filamu moja tu, ya picha moja. Kamera yake ndogo alizoea kuiacha wima na kuinua lenzi peke yake, milimita kumi, na jengo refu likaingia lote limenyooka. Siku hiyo pia aliinua kumi.

"Hutachungulia kwanza kama mnara umeingia wote, mwanangu?" Kemuma aliuliza.

"Kwani wewe nyanya huonja ugali kabla ya kupakua?" Waumini waliokuja kutazama wakacheka, naye akapiga picha.

Picha iliposafishwa, milango ilikuwa imenyooka, madirisha yamenyooka, na mnara umekatwa chini ya kengele. Filamu ile kubwa ilikuwa na kimo mara nne ya ile ya kamera ndogo. Lenzi ilihitaji kuinuliwa milimita arobaini, si kumi. Na kanisa lilikwisha kuwa kifusi.

Njiani Janat aliupanga uongo wake: filamu ilikuwa mbovu. Alipofika kwa Kemuma, alimkabidhi picha, na uongo ukamshinda.

"Filamu haina kosa, nyanya. Ni mimi. Ulinikumbusha, nikakufanyia mzaha."

Kidole cha Kemuma kilipanda picha, kikapita ukingo, kikasimama hewani. "Kengele ilikuwa hapa," alisema polepole. Kisha akamvutia kiti. "Keti, unywe chai."

Janat aliketi. Afadhali angefukuzwa.