Suruali ya Kodrai

Kacha.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayevunja kijiti kimoja kikavu, lakini katika giza lile la kabla ya alfajiri ilimfikia mpaka kwenye uti wa mgongo. Lilikuwa komeo la sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama mkwe wake, upande wa pili wa pazia. Mke alilala chali, macho wazi, mkono mmoja juu ya kifua cha bintiye, akisikiliza.

Kila Jumamosi mambo yalikuwa hayo hayo. Mama mkwe aliamka kabla ya kila mtu, akavuta sanduku, akatoa nguo za mwanawe moja moja, akazikung'uta, akazipeleka uani zipigwe na hewa, kisha akazirudisha kwa mikunjo ile ile. Taa hakuwasha. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, mwaka wa pili sasa, na taa au giza kwake ni yale yale. Nguo alizitambua kwa vidole: mashati mawili, koti la suti, suruali ya suti. Suti ilikuwa ya kodrai ya kahawia, kitambaa kizito chenye mistari, na aliishona yeye mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mwanawe, wakati macho yake yangali macho.

Leo suruali haikuwamo.

Ilikuwa chini ya cherehani, ndani ya mfuko wa unga, imeshakatwa. Mahali pake, tangu jana alasiri, ilikuwa imelala sketi kuukuu ya yule mke, imekunjwa kwa upana ule ule na unene ule ule. Alipokuwa akiikunja alijiona mjanja. Sasa, gizani, alijiona kama mtoto aliyevunja sahani akaifunika kwa kitambaa.

Alingoja. Upande wa pili nguo zilikung'utwa. Shati, pu. Shati, pu. Koti, pu nzito. Kisha pu ya suruali haikuja. Halafu komeo likafungwa, na nyayo za mama mkwe zikaelekea uani, taratibu, kama Jumamosi nyingine yoyote.

Mtaani yule mke walimwita Mama Viraka, naye hakukasirika, maana ilikuwa kweli. Shuka likichakaa katikati alilipasua, akaunganisha kingo zake ambazo bado zilikuwa na nguvu, likaishi miaka miwili zaidi. Mifuko ya unga ikawa foronya. Soksi zilizotoboka zikawa vishikio vya sufuria. Jikoni nako hivyo hivyo: maganda ya viazi yaliyosuguliwa vizuri yaliingia kwenye supu, mkate uliokauka ukarudi mezani umechovywa kwenye yai na kukaangwa. Jirani yake, muuza mkaa, alipenda kumtania kwamba siku moja atamkuta anashona moshi. "Nikipata uzi wake," humjibu, na wote wawili hucheka.

Binti wa Mama Viraka naye alikuwa na jina lake. Alipokuwa na mwaka mmoja alimeza kifungo cha shati. Nyumba nzima ilishinda ikikingojea kitoke, na kilipotoka bibi yake alikiosha mara tatu, akakishona palepale kilipokuwa, kwa sababu vifungo vya rangi ile havipatikani hovyo. Tangu siku hiyo mtoto akawa Kifungo, na hata yeye mwenyewe, ukimuuliza jina, hilo ndilo atakalokupa kwanza.

Baba yake aliondoka kwenda mbali, kwenye kazi za ujenzi, Kifungo akiwa na miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili alipiga akijaliwa. Kisha simu yake ikawa haipatikani, na mtu mmoja aliyerudi kutoka huko akaeleza kwamba kuna jengo lilianguka, ila yeye hakuona nani alikuwemo na nani hakuwemo. Alikunywa chai yake, akaaga. Hapo nyumbani hakuna aliyeyarudia maneno yake. Mama mkwe alisema jambo moja tu, kwamba mtu akiwa safarini nguo zake hazikatwi, hazigawiwi, hazivaliwi na mwingine. Zinamngoja. Alilisema mara moja, na likatosha kwa miaka miwili.

Lakini Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa. Sketi ya kahawia, kitambaa chochote, alisema mwalimu mkuu, na asiye nayo asije. Mwaka jana Kifungo alikwenda na gauni la buluu lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akarudishwa getini. Alitembea njia nzima bila kulia, akafika nyumbani, akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuandika ukutani herufi alizoziokota kwenye maboksi ya sabuni. Sasa alikuwa na miaka saba na ukuta umejaa. Mama yake alikuwa ameupekua kila mfuko wa vitambaa vyake, mpaka ule wa vipande visivyozidi kiganja. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha kahawia: ile suti.

Kwa hiyo jana, mama mkwe alipoingia kuoga, mke aliikata suruali. Alikata bila chaki, bila kupima mara mbili, sikio likiwa kwenye maji yaliyokuwa yakimwagika bafuni.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alibandika maharage. Katika nyumba hiyo kulikuwa na desturi tangu alipoolewa, akiwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano: yeye hupika, mama mkwe huonja chumvi. Hata siku walizonuniana, kijiko kilipita kati yao. Leo pia alichota mchuzi, akaupuliza, akamwekea mama mkwe kijiko mkononi. Mama mkwe akaonja. Akakaa nao mdomoni.

"Uko sawa," akasema, akarudisha kijiko, akaondoka.

Yule mke alipoonja mwenyewe alikuta mchuzi hauna hata punje ya chumvi. Alikuwa amesahau kuitia. Pakiti ilikuwa palepale kwenye rafu, haijafunguliwa, na yule bibi ambaye huweza kukutajia kwa ncha ya ulimi kwamba umezidisha punje kumi, alikuwa ameupitisha mchuzi ule kama maji. Basi mke akajua kwamba mama mkwe anajua. Alisimama na pakiti mkononi, akashindwa kuifungua, maana kuitia sasa ingekuwa kama kujibu. Mchana walikula maharage chapwa, watatu wao, vichwa vimeinama. Kifungo ndiye aliyeuliza kwa nini chakula kina ladha ya sufuria. Akasogezewa bakuli, akala.

Alasiri, mama mkwe alipojilaza, mke alitoa vile vipande kwenye mfuko wa unga. Cherehani aliogopa kuiendesha kwa ajili ya kelele, akakaa dirishani na kuanza kuunga kwa mkono. Mshono wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Alipoinyanyua sketi kwenye mwanga ndipo akaona. Kipande cha mbele kilikuwa kahawia ya udongo uliolowa. Cha nyuma kilikuwa kimepauka, kama kimetoka nguo nyingine kabisa.

Kodrai ina manyoya. Ni mafupi, hayaonekani, lakini yanalala upande mmoja kama ya paka, na vipande vyote lazima vikatwe vikielekea kumoja. Ukikigeuza kimoja kichwa chini, kinaushika mwanga kwa namna nyingine na rangi zinaachana. Kila fundi anajua. Yeye mwenyewe alijua.

"Lete."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, bila viatu.

"Nini, mama?"

"Hicho unachokificha mapajani."

Akampa. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akaitandaza sketi juu ya magoti, akapitisha kiganja kwenye kipande cha mbele, kutoka juu kwenda chini. Kiganja kikateleza. Akaigeuza, akapitisha tena, na safari hii kiganja kikakwama njiani. Akarudia. Mke alitazama mkono ule ukipanda na kushuka, akangoja kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe yaishe.

"Nani alikufundisha kukata kodrai kama anayekata gunia?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Ulikuwa na woga. Mwenye haraka hukosea kipimo. Mwenye woga ndiye anayegeuza kitambaa." Aliikunja sketi mara mbili, akaikunjua. "Na ile takataka uliyonilazia sandukuni. Mimi nimeingiwa na ukungu machoni, si vidoleni."

"Nisamehe, mama."

"Mtoto ataingia shuleni mbele usiku, nyuma mchana. Watamcheka mpaka amalize darasa la saba. Fumua."

Alifumua. Hakukuwa na sauti nyingine ila ya uzi kukatika, tip, tip, na ya Kifungo aliyekuwa ukumbini akimsomea paka wa jirani ukuta wake. Kipande cha nyuma kilipoachana na cha mbele, mama mkwe aliomba mabaki yote apewe. Akayapapasa moja moja. Paliposalia kitambaa cha kutosha palikuwa pa magotini, na magotini kodrai ilikuwa imeota upara, laini kama ngozi.

"Hapa hapafai," alisema. "Alikuwa farasi wa huyu mtoto. Akirudi matembezini, hata suti ya harusi havui, anapiga magoti sakafuni. Nilimwambia, unaniharibia kazi yangu." Akaupapasa ule upara. "Nilimsema sana."

Wote wawili walijua kodrai nyingine iko wapi. Mke hakuthubutu hata kuangalia upande wa pazia. Angeweza kusema basi, tuache, mtoto asubiri mwaka mwingine. Mtoto huko ukumbini alikuwa akitamka herufi zake kwa sauti. Baadaye, alipokumbuka alasiri ile, hilo ndilo lililomwuma: kwamba alinyamaza makusudi, akamwacha mama yule mtu mzima ainuke mwenyewe.

Mama mkwe aliinuka, mkono kwenye ukuta. Akakawia. Aliporudi alikuwa amelikumbatia koti. Hakulitoa upesi. Alikaa nalo, akalifunga vifungo vyote, kuanzia cha juu, kama anayemvalisha mtu anayekwenda kwenye shughuli ya watu, akainyoosha kola kwa kidole gumba. Kisha akavifungua vyote, kuanzia cha chini.

"Kata mgongo," akasema. "Mgongo ndio mpana."

Mke alishika mkasi. Akatandaza koti juu ya meza kifudifudi, mikono yake miwili ikaning'inia ukingoni, na hakuweza. Mama mkwe akaja nyuma yake. Akauweka mkono wake juu ya ule ulioshika mkasi, na kwa mkono mwingine akapapasa kitambaa mpaka akapata upande kinakolala.

"Kuelekea hapa. Ukikosea tena hakuna kingine."

Mkasi uliingia. Kodrai nzito haikatiki kimyakimya, inaguna. Walikata pamoja, mgongo mzima, pumzi ya mama mkwe ikimpiga shingoni, na walipofika ukosini mke aligundua kwamba bega lake limelowa. Hakugeuka. Aliendelea kushika mkasi ingawa hakukuwa na kitu cha kukata.

Jioni cherehani ilisema wazi, bila kujificha. Kiuno kikatiwa lastiki. Mke alipotaka kukata pindo, mama mkwe alimzuia, akasema pindo liache vidole vinne.

"Vinne, mama? Ni vingi."

"Atakua. Utakuwa unashusha kidogo kidogo. Nataka imfikishe miaka mitatu, minne." Akachukua sindano, akatiliwa uzi, akaanza kulishona pindo lile yeye mwenyewe kwa kupapasa, mishono midogo, sawasawa, ya fundi. "Nguo za kiume zina kitambaa kingi. Yale mashati nayo tutatazama. La mistari litatoa blauzi."

Alisema hivyo kama anayezungumzia maboga. Mke alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya maharage yaliyobaki, akaifungua pakiti ya chumvi kwa meno.

Jumatatu walikwenda wote watatu, maana mama mkwe alikataa kuachwa. Kifungo alitembea katikati, akijiangalia miguuni, sketi ikiwa kahawia moja, mbele na nyuma, pindo lake zito likimpiga mashavu ya miguu kila hatua. Muuza mkaa aliwaona wakipita, akafungua mdomo atanie, akamwangalia yule bibi, akaufunga.

Getini hakuna aliyewasimamisha. Ndani kulikuwa na foleni, na mwisho wa foleni meza, na nyuma ya meza mwalimu kijana mwenye kalamu mkononi na rundo la fomu. Alimsifu Kifungo kwa sketi nzuri. Akauliza jina lake kamili, akaandika. Umri, akaandika. Jina la mama. Jina la baba.

"Baba anaishi wapi?"

Mke alikuwa na jibu. Alikuwa amelitoa zahanati, kwa mwenye nyumba, kwa kila aliyeuliza, mpaka likalainika mdomoni: yuko safarini. Alilitafuta sasa na hakulipata. Kushoto kwake mama mkwe alikuwa amenyoosha uso wake mbele, macho meupe yakiangalia mahali fulani juu ya kichwa cha mwalimu, na mkono wake juu ya bega la mtoto ulikuwa umejikunja ngumi. Nyuma yao foleni ilisogea, mtu akakohoa. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya mstari, tone la wino likijikusanya kwenye ncha.

Kifungo aliweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Mwalimu, andika kwamba baba harudi."